Mkalimani wa Voi na Jiwe Ndani ya Kofia

Kazi ya mjomba wangu Jotham Mwadime ni kuwaonyesha watu elfu tisini choo kilipo. Ni stewadi katika uwanja wa Wembley. Siku ya mechi huvaa koti la njano linalong'aa hata yeye mwenyewe akiwa amezimika, husimama penye ngazi, na mashabiki waliokwisha kunywa humwita "boss" kabla ya kumwuliza njia ya haja ndogo. Nyumbani kwake ni Thamesmead, upande wa pili kabisa wa jiji, kwa hiyo kabla hajamwonyesha mtu wa kwanza choo, amekwisha kupanda basi na treni mbili tatu, na aliyebanwa zaidi ni yeye.

Lakini kabla ya London mjomba alikuwa mtu. Alikuwa mkalimani wa mahakama ya Voi. Mshtakiwa akijitetea kwa Kitaita, Jotham aliyageuza maneno kwa Kiswahili au Kiingereza, hakimu akayaandika, na mtu akaenda jela au akaenda kwao kutegemea alivyosema Jotham. Kwa kazi hiyo alijiwekea sheria moja, nayo ameihubiri kwenye kila harusi ya ukoo mpaka maharusi wakatamani kuachana: mkalimani haongezi, hapunguzi. Shahidi akitukana, unatukana. Shahidi akilia, unasema analia. Mara moja mwizi wa mbuzi alimwita hakimu kichwa cha kiazi, na mjomba, suti imepigwa pasi, akamgeukia mheshimiwa na kumweleza kwa Kiingereza safi kwamba ana kichwa cha kiazi.

Mkewe, anti Priscilla, ni Mluhya wa Butere. Kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee wa Kiingereza majumbani mwao, wazee ambao watoto wao wako hai na wanakaa mtaa wa pili. Kitaita hakijui zaidi ya salamu, kwa hiyo nyumbani wanaongea Kiswahili. Na hawaitani Jotham wala Priscilla. Wanaitana Baba Mkawasi, Mama Mkawasi. Mgeni akiwasikia hutazama huku na huku akitafuta huyo Mkawasi yuko chumba gani.

Hayupo chumba chochote. Walimwacha Wundanyi kwa bibi yake, mama yake mjomba, akiwa na miaka mitatu, wakasema watamchukua karatasi zikitoka. Karatasi zikakaa Uhamiaji. Mkawasi akafika miaka minne, akaanza kuwaimbia nyimbo za nasari kwenye simu, beti zimechanganyika zote. Halafu malaria ikampanda kichwani. Wangetoka Uingereza kabla ya karatasi, wasingeruhusiwa kurudi, na huko Wundanyi kila mtu alikuwa anakula kwa mikono yao. Mtoto akazikwa bila wao.

Siku ya simu ya msiba, bibi alijua Kiswahili vizuri tu, lakini kilio kilimtoka kwa lugha yake. Jotham alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, simu sikioni, na Priscilla amepiga magoti mbele yake akimvuta shati: "Anasema nini? Anasema nini?" Bibi aliongea kwa kirefu, akanyamaza, akaanza tena. Alipomaliza, Jotham akatafsiri: "Amesema alilala tu. Hakuumia."

Maneno mengi vile yakaingia ndani ya sentensi mbili. Siku hiyo hakuna aliyeyahesabu.

Wiki iliyofuata mlango ukagongwa. Vijana wawili wa Kimarekani, wamisionari, mashati meupe, vibandiko vyeusi kifuani vikisema kila mmoja wao ni "Mzee". Wazee wa miaka kumi na tisa, ndevu bado zinajadiliana kama zitoke. Mtu mwingine angewafungia. Priscilla alikuwa anatafuta yeyote wa kumfungulia. Wakakaa, wakakataa chai, na kwenye ziara ya tatu au ya nne wakamweleza lile jambo ambalo kanisa lingine lolote halikuwa limemweleza, pamoja na kwamba alikuwa amezunguka yote hadi Walthamstow.

Walimwambia hivi. Mtoto aliyekufa mdogo yuko salama, hana dhambi. Na wazazi wakiingia hekaluni wakaunganishwa kama mume na mke, mtoto naye huunganishwa nao hapo hapo, mtu mzima akipiga magoti mahali pake. Familia hiyo haivunjwi na kifo. Tena inasimuliwa kwamba nabii wao wa kwanza, Joseph Smith, alifundisha kuwa siku ya ufufuo mama atakabidhiwa mtoto wake akiwa mdogo vile vile alivyozikwa, naye atamlea hadi awe mkubwa.

"Kuanzia pale alipoishia?" Priscilla aliuliza.

"Ndiyo, Dada," alisema mzee wa miaka kumi na tisa.

Priscilla hakuhitaji kitu kingine. Wangemwambia Joseph Smith alikuja kwa baiskeli kutoka mwezini, angeuliza tu baiskeli ilikuwa ya rangi gani. Wakabatizwa wote wawili mwaka uliofuata, Jotham akifuata mkewe kama mtu anavyomfuata mgonjwa kwenye ngazi, mikono tayari. Kilichobaki kilikuwa hekalu, ambalo liko Surrey, nje ya London. Kuingia humo lazima uwe na kibali, na kibali hupati mpaka askofu akuhoji na kukuuliza, pamoja na mengine, kama una ushuhuda kwamba injili ilirejeshwa duniani, yaani kwa mkono wa huyo huyo Joseph.

Hapo ndipo walipofanya kosa. Wakiwa bado wanangoja ule mwaka ambao waongofu wapya huwekewa kabla ya hekalu uishe, kanisani wakamwomba Jotham afundishe darasa la historia ya Joseph Smith. Wakasema: Ndugu Mwadime alikuwa mtu wa mahakama, anaongea vizuri. Huwezi kumpa mtu aliyekaa mahakamani miaka yote ile ushahidi, kisha umwambie asiusome.

Akasoma. Alisoma kwenye treni, alisoma kwenye ngazi za Wembley mechi ikiendelea, kona zikapigwa nyuma ya mgongo wake asijue. Mimi diploma yangu niliiacha katikati nikiwa nimesoma kidogo kuliko alivyosoma yeye kwa ajili ya kipindi kimoja cha Jumapili. Na hakusoma yaliyoandikwa na maadui wa kanisa tu. Yale yaliyomkwamisha aliyakuta yameandikwa na kanisa lenyewe, kwa upole, chini kabisa ya ukurasa.

Alikuta kwamba Joseph ujanani aliajiriwa kutafuta hazina zilizofukiwa ardhini, kwa kuweka jiwe ndani ya kofia, kuuzamisha uso humo na kusema anachokiona. Kwamba mwaka 1826 alifikishwa mbele ya hakimu huko jimbo la New York kwa sababu ya shughuli hizo, na hati zilizobaki hazikubaliani kuhusu kilichoamuliwa. Kwamba baada ya miaka michache, jiwe na kofia vikarudi kazini, ila safari hii haikutafutwa fedha ya Wahispania iliyofukiwa, kilitafsiriwa kitabu kitakatifu kutoka kwenye mabamba ya dhahabu. Na mabamba yenyewe, wakati mwingi wa kutafsiri, yalikuwa yamefunikwa kitambaa mezani au hayapo kabisa chumbani.

Hilo la mwisho lilimuudhi kikazi.

"Mama Mkawasi," alimwambia mkewe jikoni, "mimi nimetafsiri walevi, nimetafsiri bubu kwa ishara. Sijawahi kutafsiri shahidi ambaye yuko chumba kingine amefunikwa blanketi."

"Mungu hahitaji mabamba yawe wazi."

"Basi yalichongwa ya nini? Malaika ayabebe, yafichwe mlimani, yachimbuliwe, watu wakimbizane nayo, halafu mtu atazame kofia?"

"Mashahidi waliyaona. Watu kumi na mmoja. Wameweka sahihi."

"Wameweka. Na wanane wanasema waliyashika, hilo nalikubali, nimeliandika. Watatu wanasema malaika aliwaonyesha. Voi ningemwuliza shahidi: ulimwona kwa macho haya, au kwa yale ya maombi?"

Aliendelea hivyo. Kurasa mia moja na kumi na sita za mwanzo zilipoazimwa na kupotea, Joseph alisema hatazitafsiri tena, kwa maana maadui watakuwa wamezibadilisha ili tafsiri mbili zisilingane. Jotham alicheka mpaka akaketi. Mkalimani aliyepoteza ukurasa, alisema, anaomba radhi na kutafsiri upya, asipofanya hivyo hakimu anajua kuna jambo. Halafu yale maandiko ya Misri. Joseph alinunuliwa karatasi za kale za mafunjo pamoja na maiti zilizokaushwa, akasema humo mna maneno ya Abrahamu. Vipande vyake vilipoonekana tena miaka ya sitini ya karne iliyopita, wataalamu wakavisoma: maandishi ya mazishi ya Mmisri mmoja, ya kumsaidia huko aendako. Abrahamu hayumo. Waumini wana majibu yao, kwamba vipande vingine vilipotea, kwamba tafsiri ilikuwa ya roho. Jotham aliyasoma hayo majibu pia, akayapa haki yake, kisha akavua miwani.

Na wake za Joseph. Wake thelathini na zaidi kwa hesabu za wanahistoria, wengine wana waume zao tayari, mmoja hajatimiza kumi na tano, na Emma, mke wa kwanza, mara nyingi hana habari. Hapo Priscilla akageukia sinki. Aliosha sufuria iliyokuwa safi.

"Alikufa kwa ajili ya haya," alisema mwishowe. "Walimvamia gerezani wakampiga risasi. Mwongo hafi kwa uongo wake."

"Kuuawa aliuawa, na ilikuwa dhulma. Lakini nimeona watu wakipelekwa gereza la Manyani kwa uongo wao wenyewe, na pingu mkononi bado wanaapa."

"Alizika watoto, Baba Mkawasi." Sauti yake ikashuka. "Umesoma yote hayo, hilo hujalisoma? Yeye na Emma walizika watoto wachanga, mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyezika mtoto hawezi kucheza na jambo hili."

Jotham akasema neno ambalo angelilipia baadaye. "Mtu aliyezika mtoto ndiye anayeweza kuliko wote. Anaanza kujidanganya yeye."

Hawakuongea siku kadhaa. Darasa akaliacha, kanisani akawa anaenda kama msindikizaji tu. Kila mara Priscilla alipomwomba aende kwa askofu kuhojiwa, jibu lilikuwa moja: nitaulizwa, na siwezi kusema ninaona nisichokiona. Bila mume hakuna kuunganishwa, na bila wao wawili hakuna Mkawasi. Miaka ikaenda hivyo.

Aliyengoja pamoja na Priscilla alikuwa Gakii, nesi wa Meru, dada wa kanisani mwenye kibali chake tayari. Yeye ndiye aliyechaguliwa kupiga magoti mahali pa mtoto. Gakii ni mwanamke wa kujaza mlango, na kila mwaka gauni lake jeupe lilibidi liachiliwe mshono.

"Mwambie mumeo afanye haraka," alikuwa akisema. "Mimi ni mtoto wa miaka minne tangu zamani, na kiuno kimeshafika hamsini na tano."

Priscilla alicheka kila mara. Kisha mwaka jana akaacha kula, akawa na maumivu mgongoni, akageuka njano macho. Hospitali wakamwita wakati usio wa kumwita mtu kwa habari njema. Saratani ya kongosho, na imeshatembea. Walimpa dawa za kuongeza muda, zikamtoa nywele, muda wenyewe hazikuongeza sana. Akaomba waziache.

Usiku na mchana alikuwa na ombi moja. Hakulisema kwa kulia. Alilisema kwa ile sauti anayotumia kuwaamrisha wazee wake wafungue mdomo.

"Baba Mkawasi, mimi naenda. Ninaenda kwa mtoto wangu au siendi popote? Niambie wewe uliyesoma."

Anaulizwa hivyo wakati akimshikilia chooni, mifupa imejaa mkononi. Kofia gani itasimama hapo? Kurasa zipi zilizopotea? Jotham alimrudisha kitandani, akatoka kwenye ujia wa ghorofa, akakaa huko; jirani alipita na mifuko ya sokoni, Jotham asimsalimie. Aliporudi ndani akasema, "Nimekubali. Mwambie Gakii atupeleke Jumapili."

Priscilla hakuuliza amekubali nini. Mtu haombi leseni ya dereva wa ambulensi.

Gakii aliuliza. Jumamosi alimbana jikoni, mwiko mkononi ndio uaskofu wake, akaanza kumfanyisha mazoezi. Hii nimeipata kwake, naye hajui kusimulia bila kuigiza.

"Ndugu Mwadime, una ushuhuda wa Urejesho wa injili?"

"Ndiyo."

"Umesema kama mtu anayekiri kosa la trafiki. Tena."

"Ndiyo."

"Sasa umekuwa muuza magari. Usitabasamu na meno ya chini."

"Gakii, nadanganya. Uongo una sura gani nyingine?"

"Una sura ya mke wako pale kwenye kochi!" Gakii alinong'ona, na machozi yalikuwa yameshamtoka, mwiko bado uko juu. "Mimi naamini, Mwadime. Naamini kwa moyo wangu wote. Lakini kama Mungu ataninyima mbingu kwa kukufundisha uongo huu, aninyime. Tena: una ushuhuda?"

"Ndiyo," alisema Jotham, na safari hii ilikaa vizuri.

Jumapili wakaenda kwa gari la Gakii. Priscilla alilazwa kiti cha nyuma, mablanketi mawili, kofia ya sufu kichwani. Gauni jeupe lilikuwa limening'inizwa dirishani ndani ya mfuko wake, kwa sababu Priscilla alitaka kuliona njiani, ingawa safari ya hekalu ilikuwa bado. Baada ya askofu kulikuwa na mkubwa wake wa kumhoji Jotham pia. Priscilla, ambaye mwenyewe alikwisha kuhojiwa, alishindwa kushuka. Akabaki garini na Gakii, nje ya kanisa, na Jotham akaingia peke yake na suti ile ya Voi, ambayo sasa ilimvaa yeye.

Askofu wao ni Harrison, Mkenya mwenzetu, siku za kazi anatengeneza lifti. Makanisa mengine askofu ana gari na walinzi. Huyu ana bisibisi. Kwa miaka yote ile yeye na mjomba walikuwa wakibishana maegeshoni baada ya ibada, wakibadilishana tarehe kama watoto wanaobadilishana picha za wachezaji. Yaliyosemwa ndani ya ofisi yake nimeyapata kwa mjomba mwenyewe, neno kwa neno. Hajui kusimulia vingine.

Harrison alisoma maswali kwenye simu yake. Imani kwa Mungu. Ndiyo. Ushuhuda wa Yesu Kristo na upatanisho wake. Ndiyo, na hilo halikuwa uongo. Kisha Urejesho.

"Ndiyo," alisema Jotham.

Harrison akainua macho. "Ndugu Mwadime. Juzi tu hapo nje umeniambia kofia ile ingefaa iletwe mahakamani kama kielelezo."

"Nilisema."

"Na leo ni ndiyo."

"Ni ndiyo."

Askofu akatazama dirishani. Gari la Gakii lilionekana, na mfuko mweupe kwenye kioo. "Mimi siupimi moyo wa mtu," alisema taratibu. "Naendelea."

Akaendelea. Mengine yakapita. Yale ya maisha ya mtu yakapita. Kisha akasoma, bila kuweka uzito wowote, maana ni swali linalopita kwa kila mtu kama salamu: "Unajitahidi kuwa mwaminifu katika yote unayofanya?"

Jotham akafungua mdomo kutoa ile ndiyo ya Gakii. Haikuja. Anasema hakumfikiria Joseph hata kidogo. Alichokiona ni ukingo wa kitanda, na mtu aliyepiga magoti akimvuta shati.

"Ndugu Mwadime? Nikusomee tena?"

"Kuna tafsiri niliipunguza," alisema Jotham.

"Mahakamani?"

"Nyumbani." Akakifuta kipaji cha uso kwa tai. "Na lile jibu la tatu, Askofu, lifute. Nilidanganya. Nimemshtaki yule kijana wa New York miaka kumi na zaidi kwa kumtafsiria mtu maneno ambayo hayakusemwa, ili mtu huyo apate usingizi. Sasa namwona yuko wapi. Tuko benchi moja."

Harrison akaizima simu. Alikuwa analia bila kelele, mikono yake mikubwa ya fundi juu ya meza. "Kibali siwezi," alisema. "Unajua siwezi. Lakini mwenye hayo maneno yuko pale nje, na hana muda. Nenda."

Mjomba alitoka. Priscilla alimwona tangu mlangoni, akaitafuta mikono yake. Ilikuwa mitupu. Alipoingia kiti cha nyuma na kukiinua kichwa cha mkewe kukiweka mapajani, akaulizwa hata kabla ya mlango kufungwa.

"Amekupa?"

"Hapana."

"Ni Joseph."

"Kwa Joseph nilisema ndiyo."

Priscilla akafumba macho. "Ulidanganya."

"Nilidanganya. Nikakwama kwenye uaminifu."

"Haki ya Mungu, Mwadime!" Gakii aliupiga usukani, honi ikalia, njiwa wakaruka maegeshoni. "Uongo mmoja! Mmoja tu, na hukuweza kuuvuta ufike swali la mwisho!"

"Gakii, nyamaza." Sauti ilitoka chini ya blanketi. "Ingekuwa kazi bure. Kuunganishwa kwa uongo hakushiki kule juu. Mimi nalijua hilo. Nilijua tangu aliposema amekubali." Akavuta pumzi mbili tatu za kuokoteza. "Miaka yote hukutaka kunidanganya. Ukaanza leo, ukashindwa leo leo. Jotham."

Jotham. Gakii anasema hapo ndipo alipoogopa kweli. Hajawahi kumsikia akimwita hivyo.

"Nakufa, Jotham. Na huku sina mtoto, na kule umehakikisha sina. Nimefanya nini cha kunyimwa pande zote mbili?"

"Haikuwa leo nilipoanza," alisema mjomba.

"Nini?"

"Kukudanganya. Siku ya simu. Mama aliongea sana, nikakwambia alilala tu, hakuumia. Mama hakusema hivyo. Nilipunguza."

Njiwa walirudi. Gakii anasema aliuzima moto wa gari ambalo halikuwa limewaka.

"Alisema nini?"

"Utaumia."

"Nina saratani, Jotham, unaniogopesha na nini? Miaka yote hii umekaa na maneno ya mtoto wangu mfukoni? Sema. Usiongeze. Usipunguze."

Mjomba akaunyoosha mgongo, kadiri kiti cha nyuma cha gari dogo kinavyoruhusu. Alitazama mbele, kama alivyokuwa akimtazama hakimu. Kwanza aliyasema kwa Kitaita, yote, kwa mwendo wa mama yake, hata vituo vya kilio akavikalia. Kisha akatafsiri.

"Anasema: Mtoto hakulala. Aliwaka moto tangu alfajiri. Alikuwa anamwita mama. Nikamwambia mimi niko hapa, akasema si bibi, mama. Nikamwambia mama yuko kwenye ndege, anakuja. Akaamini. Akasema basi nisukwe nywele, mama asinikute hivi. Nikamkalisha mapajani nikamsuka. Nilipomaliza upande mmoja akanishika mkono. Akasema, huu mwingine atasuka mama. Nikaacha. Nikamwambia haya, atasuka mama." Sauti ikakatika, akaisubiri, ikarudi. "Anasema: Tumemzika hivyo, upande mmoja umesukwa. Wanawake walitaka kuumalizia, nikawakatalia. Mwambie mkeo mtoto hakumkasirikia. Alikuwa anamngoja. Mwisho wa maneno yake."

Kutoka kanisani walisikika watu wakirudisha viti. Priscilla alikuwa amefungua macho, anatazama paa la gari, na mikono yake ilikuwa imetoka chini ya blanketi. Vidole vilikuwa vinatembea juu ya sufu ya kofia, vitatu vitatu, hivi, hivi, kama mtu anayetenga njia za kusuka nywele.

"Ulininyima hii," alisema.

"Nilikunyima."

"Ulininyima mtoto wangu, wewe, si Joseph."

"Ndiyo, Mama Mkawasi."

Vidole vikaendelea. Gakii aliangua kilio cha kujaza gari, akajifuta kwa kitu cha karibu, kikawa ni mfuko wa lile gauni.

"Rudia, Baba Mkawasi," alisema Priscilla. "Kuanzia kwenye nywele."

Akarudia.